Siku moja porini bila kuchimba

Toa noti za franka zilizo mfukoni, uziangalie vizuri. Kwenye ile ya 100, ambayo siku hizi ni nguvu kuipata, kuna tembo. Kwenye ile ya 500 kuna wachimbaji wa almasi, watu kama sisi, wameinama kwenye kazi. Kwenye ile ya 1.000 kuna okapi. Watoto wetu wanazijua hizo picha mbele hata ya kujua kusoma, juu wanatumwa nazo sokoni kila asubuhi. Lakini uliza mtoto wa Lubutu okapi anaishi wapi. Wengi watakujibu: kwenye franka.

Kumbe nyumba ya okapi haiko mbali na sisi. Parke ya taifa ya Maiko iliundwa mwaka 1970, mwaka ule ule wa Kahuzi-Biega na Salonga. Ina zaidi ya kilomita za mraba 10.800, kusema nchi nzima ya Lebanoni inaweza kuingia ndani na nafasi ikabaki. Inagusa majimbo matatu, Maniema, Tshopo na Kivu ya Kaskazini, na upande wake wa kusini uko kwetu, teritware ya Lubutu. Ndani yake kuna wanyama watatu ambao hawaishi porini katika nchi nyingine yoyote ya dunia, ni Kongo tu: okapi, tausi wa Kongo, na gorila wa Grauer, yule mkubwa wa misitu ya mashariki.

Sisi familia za wachimbaji tunaishi na hilo pori kila siku, lakini tunalijua kwa njia mbili tu: shimo na sufuria. Baba anaingia porini kutafuta koltani, kasiterite ao dhahabu. Nyama inatoka porini kuja kwenye moto. Mtoto anakua akiona hivyo, na kichwani mwake pori linakuwa mahali pa kutoa kitu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba unaweza kuingia asubuhi, ukatembea, ukatoka mangaribi bila kubeba kitu, na bado ukawa umepata.

Ndiyo maana mwezi wa saba, masomo yakiwa yamefungwa, tuliamua kujaribu.

Watu kumi na watatu kwenye kinjia

Tulikuwa familia tatu: wababa watatu wote wachimbaji, wamama wawili, watoto saba, na mzee mmoja Mukumu anayejua njia za upande ule tangu utoto. Siku moja mbele tulikuwa tumeenda kumuona shefu wa kijiji, kumwambia tunataka kupita na watoto, hatuchimbe, hatuwinde. Alicheka kwanza. «Munaenda kufanya nini basi?» Tukamujibu: kutembea. Akasema sawa, na akatuonyesha upande gani tusiende.

Hapa tuseme wazi, mtu asituelewe vibaya: hatukuingia ndani ya Parke. Maiko haiingiwe ovyo. Inalindwa na ICCN, na mtu anayetaka kuingia anapaswa kupata ruhusa yao na kwenda na walinzi. Pia kuna historia. Tangu vita vya 1964, mabaki ya Wasimba walijificha katika misitu ile, na nyuma yao vikundi vingine vya silaha vilipita. Hiyo si mahali pa kupeleka mtoto kwa miguu. Kule Kahuzi-Biega, kwenye barabara hii hii yetu inayoenda Bukavu, kuna familia za gorila zilizozoezwa watu tangu miaka ya 1970, na wageni walikuwa wanapelekwa kuziona. Kwetu bado. Sisi tulibaki kwenye msitu wa vijiji, karibu na mji, kwenye vinjia ambavyo wamama wanapita kila siku kwenda shambani.

Tulitoka saa moja ya asubuhi, tukafuata barabara ya Walikale kidogo, halafu tukaacha pikipiki na vumbi nyuma. Mwanzo ni mashamba: mihogo, makemba, mpunga kidogo. Watoto walikuwa wanakimbia, wanapigana na vijiti. Mzee hakusema kitu. Alingoja mpaka tulipofika pahali penye miti myembamba, majani yake yamefunguka kama mwavuli.

«Huu muti munaujua?»

«Kombokombo!» watoto wakajibu.

«Sasa unasema nini?»

Hakuna aliyejua. Akawaeleza: kombokombo haioti ndani ya msitu mzee. Inaota pale mtu alikata, akalima, akaacha. Inakua mbio, inatia kivuli, na chini ya kivuli chake miti ya nguvu inaanza polepole. Ile mikubwa ikishapanda, kombokombo yenyewe inakufa. Kwa hiyo ukikuta kombokombo nyingi, ujue hapa palikuwa shamba la mtu, na pori linarudi. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliangalia juu, akasema: «Sasa hii ni kama daktari wa pori.» Mzee akakubali.

Baba naye ni mwalimu

Tulipofika kwenye kijito, jambo moja lilitushangaza. Watoto walizoea kuona baba anarudi na uchovu, na matope, na wakati mwingine na hasira ya bei iliyoanguka. Hawakuwahi kumusikia anafundisha. Pale kwenye maji, mmoja wa wababa alichuchumaa, akachota muchanga kwa mikono, akauzungusha na maji.

«Angalieni. Muchanga mweupe unaenda na maji. Ule mweusi unabaki. Juu ya nini?»

«Juu ni muzito!»

«Njo vile. Kasiterite ni nzito karibu mara mbili na nusu kupita jiwe la kawaida. Maji yakipinda, yanachoka, yanaacha vizito upande wa ndani. Mutu anayejua kusoma mto hachimbe ovyo.»

Halafu akamwaga muchanga wote majini, akanawa mikono. Mwana wake alimwangalia kwa macho mengine. Mama yake alituambia baadaye kwamba jioni ile mtoto alirudia somo zima kwa majirani, na mikono yake ikizunguka vile vile.

Tunaliandika hili kwa sababu wachimbaji wengi wanafikiri hawana kitu cha kufundisha mtoto, juu hawakufika mbali na masomo. Si kweli. Mtu anayeweza kuangalia mlima na kukisia mshipa unapita wapi, anayejua udongo upi unashika na upi unaanguka, ana elimu kichwani. Shida ni kwamba hiyo elimu mtoto anaipata siku moja tu: siku anapofuata baba kwenye karyeri. Na pale sheria inakataza: mtu hajafika miaka 18, haruhusiwe kufanya kazi ya mgodi. Kwenye kinjia, elimu inapita bila mtoto kugusa shimo.

Shimo tulilikuta vile vile. Karibu na kijito palikuwa na mawili ya zamani, yamejaa maji ya kijani, nyasi zimefunika pembeni. Wamama walishika watoto mikono. Mtoto mmoja wa kike akauliza: «Nani aliyaacha wazi?» Wababa watatu waliangaliana, hakuna aliyejibu. Mzee alikata matawi, akayalaza juu ya njia ili wapitaji wajue. Mtoto anaweza kuanguka mle na asisikike. Maji yale yale yanazaa mbu, na mbu wanaleta malaria nyumbani. Kila mchimbaji anajua shimo ambalo halikufungwa. Kuliziba ni kazi ya nusu siku.

Dakika mbili za kunyamaza

Nyuma ya kijito msitu ukafunga. Jua lilibaki juu, chini pakawa baridi. Hapa miti ni minene kiasi kwamba watoto watatu walishikana mikono na hawakuweza kuuzunguka mmoja. Mzee aliwaonyesha kekele za kusuka vitunga, majani ya mangongo ya kufungia kwanga, na fumbwa inayopanda kwenye miti kama kamba. «Hii ni soko,» akasema, «lakini soko ya kurudi. Ukikata mizizi, kesho unakuta duka limefungwa.»

Watoto walianza kulalamika. «Banyama beko wapi? Tunatembea tu, hatuone kitu!»

«Bamesha kusikia,» mzee akajibu. «Mulikuja na makelele toka mujini.»

Ndipo tukacheza mchezo ambao tunaushauri kila familia. Kila mtu anakaa chini, anafunga macho, ananyamaza dakika mbili. Kila sauti unayosikia, unakunja kidole. Mwanzo walicheka. Halafu ukimya ukaingia. Tulipofungua macho, mdogo kuliko wote alikuwa amekunja vidole saba: maji, upepo, mdudu anayelia kama msumeno, kasuku wawili wakipita, tawi lililoanguka, mabawa ya hondohondo ambayo yanapiga hewa kama feni, na tumbo la yaya wake. Kwa tumbo tulicheka sana.

Mbele kidogo, kwenye matope, tukaona nyayo ndogo zenye vidole viwili. Mboloko. Alikuwa amepita asubuhi ile ile. Hatukumuona, lakini watoto walipiga magoti, wakapima kwa kidole, wakauliza alikuwa anaenda wapi, alikuwa peke yake ao na mtoto. Mtoto aliyezoea kuona mboloko kwenye sahani siku ile alimfuata akiwa hai, kwa macho tu.

Tukawaambia hadithi mbili za kweli. Ya kwanza ni ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913, katika misitu ya Ituri, mtafiti wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, aliona unyoya kwenye kofia ya mtu wa kule. Hakuweza kujua ni wa ndege gani. Akauweka. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamepewa jina lisilo lao, na unyoya wao ni ule ule. Ndege mkubwa hivyo, ambaye watu wa misitu walimjua na kumvalia kofia, dunia ya wasomi ilikuwa haimjui.

Ya pili iko karibu zaidi. Mwaka 2007 watafiti walifika Opala, jimbo la Tshopo, wakaona nyani mdogo amefungwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayefikiri. Wenyeji walimuita lesula. Watafiti hawakuwa wamewahi kumuona. Mwaka 2012 aliandikwa rasmi kwamba ni aina mpya kwa sayansi, na mwaka 2016 pori lake likafanywa parke ya taifa ya Lomami, inayogusa Tshopo na Maniema yetu. Watoto wa Opala walikuwa wakimjua lesula mbele ya maprofesa.

«Sasa na sisi tunaweza kuona kitu chenye hakijulikane?» akauliza yule wa miaka tisa. Tukamjibu: inawezekana. Lakini lazima kiwe bado kiko.

Mazungumzo ya nyama

Saa sita tulikaa kwenye jiwe kubwa karibu na maji, tukafungua vitunga. Lituma, samaki wa kukaushwa, sombe, ndizi mbivu. Hatukuwa na nyama ya pori, na mama mmoja alisema ni kwa kusudi. Hapo mazungumzo yakawaka moto.

Baba mmoja alisema bila kuficha: «Kwenye karyeri ya ndani, ngombe iko wapi? Samaki iko wapi? Muwindaji analeta nyama, tunanunua. Mutu anayechimba siku nzima hakule majani tu.» Ni kweli. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu mwenye njaa. Lakini hesabu nayo ni ya kweli. Gorila wa Grauer walikadiriwa kuwa karibu 17.000 katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 watafiti walisema wamebaki karibu 3.800. Mwaka 2021, baada ya kuhesabu upya na kufika pahali pengi zaidi, wakasema karibu 6.800. Hata ukichukua hiyo hesabu nzuri, zaidi ya nusu wameenda katika maisha ya mtu mmoja. Na watafiti wanaonyesha kidole kwa jambo moja hasa: uwindaji wa nyama karibu na kambi za wachimbaji ndani ya msitu. Kusema, sisi.

Gorila hazai kama panya. Jike anazaa mtoto mmoja, anamlea miaka mitatu ao minne mbele ya kuzaa mwingine. Okapi anabeba mimba karibu miezi kumi na nne. Ukiua mmoja leo, pengo lake halifungwe kwa mwaka.

Mzee naye alikuwa na neno lake. Alisema wakati wa kuweka mipaka ya Parke, wazee wa vijiji hawakuulizwa vizuri, na mpaka leo watu hawajui mpaka unapita wapi. «Mutu anakatazwa kuingia kwa babu yake, halafu anaona mwenye bunduki anaingia na kutoka na dhahabu.» Hatuna jibu la kumpa kwenye ukurasa huu. Lakini tuliona kwamba yeye, mwenye hasira na mipaka, ndiye aliyekataza watoto kung'oa mzizi. Kulinda pori na kudai haki juu yake vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwishoni wababa walikubaliana kitu kidogo: kwenye kambi yao, watachanga kama likelemba kununua samaki wa chumvi na maharagi kutoka mjini kila mara mtu anapanda, na hawatanunua nyama ya nyani wala ya sokomutu. Tutawauliza kisha miezi mitatu kama wameweza.

Kama unataka kufanya vile vile

Usalama kwanza. Uliza shefu na majirani habari za njia asubuhi ya siku ile, si wiki iliyopita. Kama kuna uvumi mbaya, bakia nyumbani, pori halikimbie. Chukua mtu anayejua vinjia, na usivuke alama yoyote ya Parke. Kama unataka kujua mpaka, nenda uulize ofisi ya ICCN.

Toka mapema. Kwetu karibu na mstari wa ekweta jua linazama karibu saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, na chini ya miti giza linaingia mbele ya hapo. Mvua mara nyingi inakuja mchana, kwa hiyo saa nane geuza uso nyumbani. Mtoto wa miaka sita anaweza kutembea kilomita tatu ao ine na mapumziko. Usimpime na miguu ya baba.

Valisha buti ao viatu vya kufunga, na suruali ndefu juu ya siafu na nyoka. Beba maji uliyochemsha. Maji ya kijito usiyanywe, zaidi pale watu wanaosha dhahabu na zebaki juu yake: zebaki haionekane wala hainuke, lakini inaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto mmoja mdogo, mkubwa mmoja wa kumwangalia. Kwenye shimo za zamani, mkono kwa mkono.

Na kitu hiki kirudieni mpaka kiingie: mnyama aliyekufa ao mgonjwa hakuguswe, hata kama ni mzuri, hata kama ni mdogo. Ugonjwa wa mpox ulionekana kwa mtu mara ya kwanza hapa hapa Kongo, Basankusu, mwaka 1970, kwa mtoto mchanga. Virusi vyake vinaweza kutoka kwa mnyama kuingia kwa mtu. Mtoto akikuta panya ao nyani amelala njiani, aite mkubwa, apite mbali.

Kuhusu pesa: hatukulipa kitu, isipokuwa chakula ambacho tungekula hata nyumbani, na zawadi kidogo kwa mzee. Hatukununua hata kredi ya simu, juu kule rezo haikuwako. Wamama walisema hiyo peke yake ilikuwa pumziko.

Tulifika mjini saa kumi, watoto wamechoka, nguo zimechafuka. Kesho yake mmoja alichora mboloko kwa kaa kwenye ukuta wa nyumba, na vidole viwili kwenye kila mguu, vimehesabiwa vizuri. Mama yake alitaka kufuta. Baba akasema uache. Siku ya pili yeye alipanda tena kwenda karyeri, kwa wiki sita. Mtoto alimuuliza tutarudi lini porini, na baba akasema: «Nikishuka tu, Jumapili ya kwanza.»

Wababa, hiyo ahadi ni rahisi kuliko nyingi mnazotoa. Haingoje bei ya koltani ipande. Jumapili mkiwa nyumbani, kama njia ni salama na mvua haiko, ita watoto, chukua maji na lituma, na acha vyombo vya kazi nyuma ya mlango.